Kiwanja Kitupu Nyuma ya Msikiti

Jumatatu, 10 Machi 1975

Mhariri amenirudishia barua yangu, ya nne tangu Januari. Safari hii ameandika pembeni kwa penseli: "Mwalimu Hamdun, siku hizi hatuchapishi hoja, tunachapisha matangazo." Angalau amesema kweli, jambo ambalo gazeti lake halijafanya kwa miaka minne. Basi nimechukua daftari la wanafunzi dukani mwangu, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, nami nitabishana humu. Daftari halina mhariri.

Barua yenyewe ilihusu mfereji. Kila mwaka masika yakifika, maji ya kijito cha Nakivubo hupanda mpaka mtaani kwetu Kisenyi, huingia dukani na kunilowanishia vitabu vya rafu ya chini. Kwa miaka kumi nimeandika: tupeni mfereji, tupeni barabara ya lami, sisi si vyura.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Mke wangu Shamsia amekaa kwenye foleni ya sukari tangu alfajiri, akarudi na viberiti viwili. "Hivi ndivyo walivyokuwa wanagawa," akasema.

Jumamosi, 15 Machi

Wamesikia. Barabara inakuja. Inapita juu ya babu yangu.

Asubuhi nimewakuta wapima ardhi nyuma ya msikiti wetu, wanapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu. Mwezi wa saba wakuu wa nchi za Afrika watakuja Kampala kwa mkutano, na jiji linaoshwa uso. Kuta zinapakwa chokaa, vibanda vinavunjwa, na barabara mpya pana itapita nyuma ya msikiti ili magari ya wageni yasikanyage matope yetu. Pale nyuma ndipo walipozikwa watu wetu, watu wa pwani waliokuja na misafara wakabaki: wapishi, wapagazi, mafundi cherehani, walimu wa chuo. Babu yangu yumo. Bibi yangu yumo.

Nikamwambia mpima ardhi kwamba haya ni makaburi. Akanifungulia ramani yake kwa adabu kabisa. Nyuma ya msikiti palikuwa na mraba mweupe, na ndani ya mraba maneno mawili: kiwanja kitupu.

"Mzee, nionyeshe kaburi moja," akasema.

Nikatazama. Majani, mbuzi watatu, na kaloli wawili, wale korongo wa majalalani, wamesimama kama makarani waliofukuzwa kazi. Kaburi, hakuna hata moja.

Na aliyefanya hivyo ni mimi.

Niandike tu, maana hakuna mwingine atakayeniandikia. Mwaka 1954 nilikuwa na miaka thelathini na moja na nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuliko vilivyonifaa. Niliandika kijitabu cha kurasa kumi na mbili, Makaburi Si Majumba, nikakichapa kwa mashine ya kunakili ya shule. Nilisema kaburi la Muislamu halijengewi, haliandikwi, halitukuzwi, na anayesali akielekea kaburi amepotea. Ilikuwa hoja nzuri. Mpaka leo ni hoja nzuri. Vijana wa msikiti, wakiongozwa na mwanafunzi wangu Umar, walikisoma Alhamisi, na Jumapili wakang'oa mawe yote thelathini na moja, yaliyochongwa majina kwa herufi za Kiarabu. Nilisimama pale nimekunja mikono ya kanzu kama msimamizi wa kiwanda. Shangazi Sabah, dada wa marehemu baba yangu, alikuwa dirishani kwake. Mwanawe Tajudin, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka sita, alilala pale, na jiwe lake lilikuwa dogo kuliko yote.

Tangu siku ile Shangazi huzungumza nami juu ya kila kitu: bei ya samaki wa Ggaba, magoti yake, ubaya wa kanzu zangu. Juu ya makaburi, hata neno. Miaka ishirini na moja.

Jumapili, 16 Machi

Nimemweleza Shangazi kuhusu vigingi. Akaendelea kuchambua mchele. Mwishowe akauliza, "Na mimi mtanizika wapi?"

Mahali pake ameshapachagua, kando ya Tajudin.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda ofisi ya mipango. Dawudi, niliyemfundisha hesabu darasa la sita, sasa ni mchora ramani huko na ana viatu vya ngozi. Kabla ya salamu akafunga mlango.

"Mwalimu, ssebo, hii balabala huwezi kuipinga. Imetoka juu."

"Siipingi. Naitaka. Naitaka upande wa pili tu, pale kwenye magofu ya ghala."

"Kule juu hakuna upande wa pili, Mwalimu. Kuna laini tu."

Kisha akashusha sauti. Ipo orodha nyingine. Ofisi inayoshughulikia watalii inatafuta mahali pa kuwaonyesha wageni kwamba jiji hili lina historia, na kilichomo kwenye orodha hiyo hakivunjwi. Ila lazima kiwe kitu cha kuonekana. "Mtalii haji kuangalia majani. Lete ukuta, lete jiwe. Kama jiwe liko na maandishi ya Kiarabu, hapo ndipo wanapenda kabisa."

Nimerudi kwa miguu kwenye mvua, nimeikasirikia dunia nzima. Mji unaovunja kila kilichochakaa ni mji mjinga. Mji unaohifadhi kinachopendeza kwenye picha tu ni mjinga vilevile, ila umevaa viatu vya ngozi. Kwenye fomu zao zote hakuna nafasi ya kuandika: hapa wapo watu.

Ijumaa, 21 Machi

Baada ya sala nimemkamata Umar. Siku hizi ni mwenyekiti wa kamati ya msikiti, ana duka la vipuri vya magari na tumbo linalolingana nalo. Nimemuuliza mawe ya 1954 aliyapeleka wapi.

"Mawe yapi, Mwalimu?"

"Umar."

"Yale uliyotuamuru tuyang'oe?"

"Hayohayo."

"Ulisema yana jina la Mungu, yawekwe mahali safi. Tukayaweka mahali safi."

"Wapi?"

Akakumbuka kwamba ana mgeni dukani.

Jumanne, 25 Machi

Mvua kutwa. Ukuta wa kibla msikitini umeota doa la unyevu, ukubwa wa sinia. Umar amehama jijini mpaka nitakapochoka kumtafuta.

Ijumaa, 4 Aprili

Doa limekuwa kubwa kama mlango. Umar amelifunika kwa zulia. Nani anatundika zulia kando ya mihirabu? Umar.

Jumapili, 6 Aprili

Chumvi nayo imekwisha mjini. Umar ana chumvi.

Alhamisi, 17 Aprili

Saa nne asubuhi gari la jeshi limesimama mbele ya duka langu. Majirani walifunga milango yao kwa pamoja, nikasikia kama mlango mmoja mkubwa. Mwaka jana watu wawili wa mtaa huu waliingia katika gari la namna hiyo, na wake zao bado hawajui wavae nguo gani.

Aliyeshuka ni kapteni mmoja aliyepewa usafi wa jiji lote mpaka mkutano uishe. Hajafika miaka thelathini na mitano, na ana macho ya mtu asiyelala. Kiswahili chake ni cha kambini.

"Wewe ndiyo Hamdun? Wewe naandika barua mingi."

Nikakubali.

"Hapana andika tena. Mkono itachoka." Akacheka, na askari wake wakacheka baada yake, kwa kipimo. "Mimi nasikia wewe hapana taka balabala."

"Naitaka, afande. Sitaki ipite juu ya wafu."

"Wafu iko wapi?"

Tukaenda nyuma ya msikiti. Akatembea kiwanja chote na buti zake, taratibu, kutoka mlango wa nyuma wa msikiti mpaka kwenye vigingi. Akasimama, nadhani, juu ya kifua cha babu yangu.

"Mimi naona mbuzi," akasema.

Shamsia alileta chai. Sukari yetu ya mwisho, niliiona ikiingia kikombeni vijiko vitatu. Kapteni akanywa akiwa amesimama, kisha akaniuliza, wala hakuwa anatania: "Kwetu kule, baba yangu iko na kaburi. Iko na mawe juu. Mtu yote napita, najua huyu ni nani. Nyinyi watu ya pwani nasoma kitabu sana. Sasa namna gani baba yenu nalala bila jina?"

Nimewahi kuwajibu wamisionari, mabwana wa wilaya na mawaziri watatu. Kapteni huyu nilimpokea kikombe tu. Shamsia ndiye aliyemwambia kwamba mawe yalikuwepo, yaling'olewa.

Uamuzi wake ni huu. Mawe yakionekana kabla ya mwisho wa mwezi wa sita, laini itasogezwa na makaburi yatabaki, isipokuwa ukanda wa mwisho kabisa, kuanzia kigingi chekundu kwenda nje. Hapo lami itapita kwa vyovyote. Mawe yasipoonekana, tingatinga litaanza mlangoni mwa msikiti. "Na wewe utakaa mbele, utaonyesha yeye njia."

Gari lilipoondoka nikasema nimetishwa.

"Hujatishwa," Shamsia akasema, anakusanya vikombe. "Umepewa ratiba. Katafute mawe."

Ijumaa, 25 Aprili

Mawe yamejitafuta yenyewe.

Hotuba ya leo ilihusu subira. Mvua ilikuwa inapiga mabati, imamu anapaza sauti, nami nimekaa safu ya mbele mahali pangu pa kila Ijumaa. Zulia la Umar likatikisika. Kwanza likashuka upande mmoja, kisha lote, na nyuma yake plasta ikaporomoka kwa kishindo kizito, vumbi jeupe likatujaa ndevuni. Vumbi lilipotulia tukaona ukuta. Ulikuwa umejengwa kwa mawe yaliyochongwa, safu juu ya safu, mengine yamelala ubavu, mengine kichwa chini. Jina la kwanza nililolisoma lilikuwa la babu yangu, miguu juu.

Miaka ishirini na moja tumesali tukielekea mawe ya makaburi. Na mimi, niliyeandika kwamba asaliye kuelekea kaburi amepotea, sikuwahi kukosa safu ya mbele.

Imamu akaimaliza subira kwa sentensi mbili. Tukasali. Sijui wenzangu walitazama wapi. Mimi nilifumba macho.

Watu walipotoka nikabaki na Umar. Alikuwa amekaa chini anaokota vipande vya plasta, kimoja kimoja, anavipanga pembeni kama vyombo.

"Ulisema mahali safi," akasema kabla sijamuuliza. "Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, Mwalimu. Nikajiuliza, mahali gani ni safi kuliko kibla? Tena ukuta ulikuwa umepungukiwa mawe."

"Na hukuweza kuniambia?"

"Ungeandika kijitabu."

Nimefikiria jibu tangu alasiri. Angekuwa amekosea ningelipata.

Jumamosi, 26 Aprili

Umar ameniletea Mugisho, fundi muashi kutoka Bukavu, Mkatoliki mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Ameukagua ukuta kwa viganja vyake kama daktari.

"Muzee, hii ukuta inasimamaka juu ya hii mawe. Nikiondosha moja, natia tofali. Nikiondosha ingine, natia tofali. Pole pole. Bila hivyo nyumba ya Mungu itatuangukia, na mimi si hata wa dini yenu."

Jumanne, 29 Aprili

Mkutano wa kamati, tangu adhuhuri mpaka magharibi. Vijana wa leo wamekuja na kijitabu changu. Wamekinakili upya, kwa wino mzuri kuliko wa kwangu. Mmoja akasimama akanisomea ukurasa wa tisa, ule wa alama juu ya makaburi, akitua mahali palepale nilipokuwa natua mimi. Nikamjibu. Nikajibiwa kwa ukurasa wa kumi. Kwa saa mbili nimebishana na nafsi yangu mbele ya watu kumi na watano na, lazima nikiri, nimeshindwa. Nilisema jiwe la kutambulisha si jiwe la kutukuza. Wakanionyesha mstari ambapo mimi mwenyewe nimekataa tofauti hiyo na kuiita ujanja wa wavivu.

Umar akaniinamia. "Mwalimu, unataka mawe au unataka kushinda?"

"Nataka mawe."

"Basi nyamaza."

Nikanyamaza. Yeye hakutaja kitabu chochote. Aliwauliza tu nani kati yao ana mzazi pale nyuma, na nani anataka mzazi huyo awe chini ya magurudumu. Kisha akataka mikono. Kumi na mmoja kwa wanne.

Na mimi miaka yote hii nilikuwa nafikiri ndiye niliyemfundisha.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Mugisho ameshatoa mawe sita. Tunasali tukielekea turubai.

Jumatatu, 12 Mei

Dawudi ameleta maneno ya kibao ambacho ofisi ya watalii itasimamisha: "Makaburi ya Sultani wa Misafara na Wake Zake."

"Sultani gani?" nikamuuliza.

"Babu yako, Mwalimu."

"Babu yangu alikuwa mpishi wa msafara. Alikuwa na mke mmoja, na huyo mmoja alimshinda."

"Mpishi haingii kwenye kibao, ssebo. Mgeni amesafiri kwa ndege, umwonyeshe mpishi?"

"Basi hicho kibao hakiingii makaburini."

Akajaribu "Wakazi wa Kwanza wa Kampala". Nikamwambia akalisome hilo Mengo, kwa Waganda wenyewe, kwa sauti, arudi akiwa na meno yake yote. Hapo akacheka, na kwa mara ya kwanza nikamwona tena yule wa darasa la sita. Tumepatana: "Makaburi ya Watu wa Pwani." Ni kweli tupu na hakuna mtalii atakayesimamisha gari. Nimefurahi mno.

Jumanne, 20 Mei

Mafuriko. Vitabu arobaini vimelowa, kimoja ni cha sheria za mipango miji. Sikukianika.

Jumamosi, 31 Mei

Mugisho amemaliza. Mawe ishirini na matatu yametoka mazima, mengine yamevunjika. Yamepangwa barazani yameoshwa, na sisi tumesimama mbele yake kama watu waliorudishiwa funguo nyingi na hawajui milango. Lipi ni la wapi? Umar hajui. Mimi sijui. Niling'oa, sikuandika.

Nimekwenda kwa Shangazi. Ndiye mtu pekee niliyekuwa namkwepa, na ndiye pekee niliyetakiwa kuanza naye.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua sanduku lake, akatoa Juzuu Amma aliyosomea utotoni, akanifungulia jalada la ndani. Kwa herufi ndogo za Kiarabu, safi kama ushonaji, palikuwa na orodha ya majina, na mbele ya kila jina namba.

"Mlipomaliza kazi yenu Jumapili ile," akasema, "Jumatatu nilitoka. Mashimo yalikuwa bado mabichi. Nikasimama mlango wa nyuma wa msikiti, nikahesabu hatua mpaka kwa kila mmoja."

"Shangazi, mbona hukuniambia?"

"Uliandika kwamba wanawake wasiende makaburini. Ukurasa wa kumi na moja." Akalifunga sanduku. "Nilijua utakuja siku moja. Nilidhani ungekuja mapema."

Alhamisi, 5 Juni

Mvua imepungua. Tumeanza.

Shangazi alishika fimbo mkono mmoja na mimi mkono wa pili. Babu yangu, yaani baba yake, ni hatua ishirini na nne. Alizihesabu kwa sauti, akasimama. Mugisho akachomeka nondo yake ardhini kutafuta matofali yanayofunika mwanandani wa kaburi. Udongo mgumu, hakuna kitu. Akachomeka tena mbele, na mbele zaidi. Nondo ikagonga hatua nne baadaye.

"Matofali iko hapa, Mama."

Shangazi akaitazama miguu yake kwa muda, kama mtu anayemtazama mtumishi aliyemwamini.

"Imefupika," akasema.

Nikatoa penseli. Ishirini na nne za wakati ule ni ishirini na nane za leo. Basi kwa kila hatua sita tuongeze moja. Tukajaribu kwa bibi: thelathini kwenye orodha, yeye akatembea thelathini na tano, nondo ikagonga mara ya kwanza. Shangazi akaniambia kwamba hatimaye usomaji wangu umefaa kitu.

Jumanne, 10 Juni

Mawe tisa yamesimama. Umar ameleta saruji, na hakusema ameipata wapi.

Jumatano, 18 Juni

Mawe ishirini na mawili yamerudi kwa wenyewe. Limebaki moja, dogo. Shangazi alikuwa akiliruka kila siku.

Jina lake kwenye orodha lina namba arobaini na mbili. Hesabu nilishaifanya siku ya kwanza na nikaificha: kwa hatua za leo ni arobaini na tisa. Kigingi chekundu kiko kwenye hatua ya arobaini na tano. Tajudin yuko nje, katika ukanda wa lami.

Shangazi alianza mlangoni. Leo hakutaka mkono wangu. Alihesabu polepole, na kila alipofika kumi alipumzika. Thelathini. Arobaini. Arobaini na mbili. Akasimama, hatua tatu ndani ya kigingi, upande wetu.

Nikangoja aongeze saba, kama alivyoongeza kwa wote. Akaichomeka fimbo yake ardhini.

"Hapa," akasema.

Mugisho akanitazama. Nondo alikuwa nayo mkononi, hakuinyanyua. Nikafungua mdomo. Maisha yangu yote nimesahihisha watu. Nimewasahihisha wahariri, magavana, Kiarabu cha maimamu, na baba yangu akiwa kitanda cha mauti. Nina miaka hamsini na miwili, na sikumbuki kosa moja lililopita mbele yangu nikaliachia.

"Hapa," nikasema.

Mugisho akachimba kishimo, akasimamisha jiwe.

Ijumaa, 20 Juni

Tingatinga limefika, limeegeshwa karibu na kituo cha teksi, watu wanalizunguka kama arusi. Mimi siwezi kusoma, siwezi kula. Jiwe limesimama juu ya mtu asiyekuwepo. Siku Shangazi akifa tutamlaza kando ya nyasi, na malori yatapita juu ya mwanawe. Nimemweleza Shamsia.

"Basi mhamisheni," akasema.

"Kufukua kaburi, Shamsia, wanazuoni wamehitilafiana. Wapo wanaosema dharura..."

"Hamdun. Sikukuuliza kitabu."

Jumamosi, 21 Juni

Baada ya sala ya alfajiri, palipopambazuka vizuri, nimekwenda na Mugisho. Shamsia alikuwa amemwita Shangazi nyumbani amsaidie kukata nguo. Manyunyu kidogo. Nilianzia kwenye jiwe, nikajaribu kufupisha hatua zangu mpaka ziwe zake, saba, nikapita kigingi. Nondo ikagonga matofali madogo, mstari mfupi, urefu wa mtu wa miaka sita.

Tulichimba kwa mikono mwishoni. Baada ya miaka arobaini na mmoja hakuna cha kuogopa: udongo tu, mweusi kuliko udongo wa jirani, laini kama uliochekechwa. Nilikuwa na sanda mpya. Tuliutia wote humo, tukaufunga, tukaweka kwenye karai.

Nilipoinua kichwa, Umar alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma wa msikiti. Akaja mpaka penye shimo, akatazama karai, akanitazama.

"Ukurasa wa tisa unasemaje, Mwalimu?"

"Mchwa wameula."

Akavua koti, akalitundika juu ya kigingi chekundu cha serikali, akashika upande wa pili wa karai. Ni hatua chache tu lakini tulikwenda nazo taratibu, mimi na yeye, mabega sawa, hatujawahi kubeba kitu pamoja tangu 1954. Tuliliondoa jiwe, tukachimba mahali pa sanda kuelekea kibla, tukafukia, tukalirudisha jiwe, tukapanda majani juu. Umar alisoma. Mugisho alisogea kando, akatupa mgongo, na nikaona kiwiko chake kikifanya ishara ya msalaba, haraka, ili asituudhi. Hakutuudhi.

Jumatatu, 30 Juni

Kapteni amekuja, akayahesabu mawe kwa kidole. "Sasa baba yenu iko," akasema, na akaonekana ameridhika kweli, kama kwamba jambo hilo lilikuwa likimkosesha usingizi. Tingatinga limemaliza ukanda wa nje kwa asubuhi moja. Mfereji hawajachimba. Nimewauliza, wakasema mfereji haupo kwenye ramani.

Ijumaa, 4 Julai

Ofisi ya watalii imezungusha uzio wa waya na kuweka geti. Kibao kiko wima, kimeandikwa sawasawa ila "Pwani" ina herufi moja iliyopinda. Nyuma ya uzio lami bado inafuka moshi, inanuka mpaka msikitini. Lazima niandike, hata kama inaniuma: ni barabara nzuri.

Baada ya sala nimempeleka Shangazi. Mlinzi wa geti akataka kumuuliza tiketi, akamtazama usoni, akaacha. Alikaa chini mbele ya jiwe dogo, akanyoosha miguu. Akaweka kiganja juu ya udongo. Aliuminya, akauachia, akauminya tena. Alikaa hivyo mpaka nikafikiri amesinzia.

"Ulihesabu?" akauliza.

"Nilihesabu."

"Ngapi?"

"Arobaini na mbili, Shangazi."

"Muongo," akasema, akanipa mkono nimwinue.